En Mana Kuoyo ya Ayub Ogada: usiishie kwa Kothbiro peke yake

Watu wengi wanaijua Kothbiro bila kumjua aliyeiimba. Umeiskia kwenye filamu, umeiskia mtu ameiweka chini ya vidio ya twiga na machweo, alafu ukiuliza ni ya nani unajibiwa "ni wimbo flani wa kiafrika". Basi ni wa Ayub Ogada, Mkenya, na ndo wimbo wa mwisho kati ya nyimbo kumi zilizo kwenye albamu inaitwa En Mana Kuoyo, iliyotoka mwaka 1993 na lebo ya Real World ya kule Uingereza, ile ya mwanamuziki Peter Gabriel. Mi nataka kuiongelea albamu yote, manake inaniuma sana kuona mtu anapakua huo wimbo mmoja anaacha tisa zingine ambazo ndo zinakuonyesha huyu mtu alikuwa nani.

Kwa aliye na haraka: nunua. Kama unapenda muziki wa kutulia, wa chombo kimoja na sauti moja, hutajuta. Kama wewe ni wa kucheza ngoma mpaka jasho, soma kwanza mpaka chini.

Sasa kabla ya albamu, chombo anachopiga Ayub, nyatiti. Nyatiti ni ya Wajaluo, ina nyuzi nane, chini kuna kama bakuli kubwa la mbao limewambwa ngozi, juu kuna mti wa kukaza nyuzi. Mpigaji, wanamwita jathum, anakaa kwenye kigoda kifupi sana karibu na ardhi, nyatiti inalala ubavu mbele yake, na kwenye kidole gumba cha mguu anavaa pete nzito ya chuma inaitwa oduong'o, anagonga nayo ukingo wa nyatiti yenyewe, na mguuni pia kuna njuga, gara. Kwa hivo mtu mmoja anapiga nyuzi kwa mikono miwili, mguu unapiga mdundo, njuga zinalia, na mdomo unaimba, vyote kwa wakati mmoja. Ukiona mtu akifanya hivo mbele yako ndo utaelewa kwa nini wazee walikuwa wanasema jathum mmoja anatosha sherehe nzima. Na kitu ambacho vijana wengi hawajui, gitaa la benga, ule muziki wa dansi wa Wajaluo, lilichota mengi hapo hapo, ile namna nyuzi zinakimbizana haraka haraka kwenye rekodi za D.O. Misiani na Shirati Jazz, ni vidole vya nyatiti vimehamia kwenye gitaa la umeme.

Ayub alichukua hicho chombo akakipunguzia kasi. Hapo ndo siri ya albamu yote ilipo kwangu mimi.

Historia yake inasaidia kuelewa. Alizaliwa Mombasa mwaka 1956, jina lake Job Seda, hilo la Ayub Ogada alikuja kulichukua baadaye. Wazazi wake walikuwa wanamuziki na utotoni alikaa nao Marekani kwa muda kabla ya kurudi Kenya. Kwa hivo fikiria, mtoto wa Kijaluo, amezaliwa pwani, amekaa Marekani, amesomea Nairobi. Huyo si mtu aliyekulia chini ya mti kijijini akifundishwa nyatiti na babu yake, na mi naona ndo maana akaweza kuiskia kwa masikio mengine. Miaka ya 70 alikuwa kwenye bendi inaitwa Black Savage, vijana wa Nairobi na magitaa ya umeme, wanapiga vitu vya kiroki na kifanki vilivyokuwa vinavuma wakati huo, na humo humo ndo Kothbiro ilirekodiwa kwa mara ya kwanza, yeye na mwenzake Mbarak Achieng. Wengi hawaamini ukiwaambia huo wimbo ulikuwepo karibu miaka ishirini kabla ya hiyo rekodi ya nyatiti wanayoijua.

Baada ya hapo akaingia African Heritage Band. Hii bendi ilitokana na African Heritage, ile galari ya sanaa ya Nairobi iliyoanzishwa na Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa Kenya, pamoja na Alan Donovan. Pale kulikuwa na kila kitu, vinyago, nguo, shanga, maonyesho ya mitindo, na bendi ilikuwa inachanganya vyombo vya asili na vya kisasa. Mi naichukulia hiyo kama shule yake kabisa. Wakati wengi walikuwa wanataka wasikike kama redio ya London, pale walikuwa wanaambiwa chukua chombo cha kwenu ukiweke mbele. Akaigiza pia, ukiangalia Out of Africa ya 1985 yumo, ametajwa kwa jina la Job Seda, na baada ya hapo akaonekana kwenye The Kitchen Toto ya 1987.

Mwaka 1986 akaenda Uingereza na nyatiti yake. Na huko hakupokelewa na kamera, alikuwa anapiga kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi London, wapita njia wanatupa sarafu. Hapa naomba tusipite haraka. Jathum nyumbani anapiga mahali watu wanamjua, anamsifu fulani bin fulani, fulani anainuka anatoa pesa, anajisifu, hiyo wanaiita pakruok, wimbo unasimama mtu anajitaja alafu unaendelea. Kule London hakuna anayekujua, hakuna wa kumsifu kwa jina la ukoo wake, hakuna anayeelewa neno hata moja, na kila mtu ana haraka ya treni. Umebaki na nini? Umebaki na sauti na ile duru ya nyuzi. Mi naamini kabisa albamu hii ilianza kutengenezwa pale chini kabla studio haijajulikana, manake ukiiskiza ni muziki ambao haukuombi uelewe kitu chochote kabla haujakushika. Ni pale pale mitaani ndo akaja kuitwa kwenye tamasha la WOMAD mwaka 1988, na kutoka hapo njia ikafunguka mpaka Real World.

Tuje kwa rekodi yenyewe. Inaanza na Obiero. Weka hedifoni, tafadhali, usiiskize na spika ya simu. Nyatiti inaingia na duru fupi, inajirudia, inajirudia tena, na mwanzo unaweza kudhani hakuna kinachobadilika, alafu ukiskiza vizuri unagundua zile nyuzi za chini zina mngurumo flani, si sauti safi ya gitaa, ni sauti yenye mchanga ndani yake, inakwaruza kidogo mwishoni. Hiyo ndo nyatiti. Wahandisi wangeweza kuisafisha hiyo kitu wakaipoteza, lakini wakaiacha, nawashukuru. Alafu sauti ya Ayub inakuja juu, nyembamba, laini, hasukumi. Haimbi kama anataka askike mpaka boma la pili, anaimba kama anaongea na mtu aliyekaa naye kwenye kiti kimoja. Mdundo uko lakini uko nyuma. Ukifika mwisho wa Obiero na hujaskia kitu, basi zima tu, hii albamu si yako, sitakulaumu.

Mi si Mjaluo na Kijaluo changu ni cha kuomba maji na kusalimia, kwa hivo nilimpelekea mama mmoja jirani yangu, wa kutoka Siaya, nikamwekea akiwa anachambua mboga. Aliskiza kimya, mkono ukasimama, alafu akaniambia, "Mwanangu, huyu hapigi kama wale wa matangani. Wale wakianza hata aliyelala anaamka. Huyu anataka ulale." Nikamuuliza kama ni vibaya. Akasema, "Si vibaya. Lakini baba yangu angemuuliza, mbona hunitaji jina?" Na akacheka akaendelea na mboga zake. Hakuna mchambuzi ameniambia kitu cha maana kuliko hicho.

Manake ndo hivo, kama unanunua hii albamu ukitarajia nyatiti ya kijijini yenyewe, ile ya kelele, ya kutajana majina, ya kucheza mabega mpaka alfajiri, hutaipata hapa na si haki kumdai. Hiyo itafute kwa kina Ogola Opot na wazee wa rika hilo, rekodi zao zipo ukitafuta, zina mikwaruzo lakini zina moto. Ayub alikuwa mtunzi. Alitumia nyatiti jinsi mtunzi mwingine anavyotumia gitaa, kubeba wimbo aliouandika. Kuna watu wanaona huko ni kuipunguza nyatiti, ni kuilainisha kwa ajili ya wazungu. Nimewaskia na hoja yao naielewa, lakini sikubaliani nayo. Hajaweka ngoma za kupendeza watalii, hajaimba Kiingereza ili auze, kaimba lugha yake kwenye lebo ya kigeni, na nyatiti kaiacha na mkwaruzo wake. Kama alitaka kuwafurahisha wageni kirahisi alikuwa na njia nyingi fupi kuliko hiyo.

Na kuna jambo lingine wanalolisahau wenye hiyo hoja. Kabla ya Ayub, mtu wa nje akisema muziki wa Kenya anamaanisha nini? Nyimbo za hotelini za kukaribisha wageni. Huyu alipeleka kitu kingine kabisa. Saa hii ukienda tamasha lolote Nairobi utakuta kijana amebeba nyatiti pamoja na gitaa na kinanda, na watu hawashangai. Kuna hata Anyango, Mjapani, Eriko Mukoyama kwa jina lake, aliyekuja mpaka Siaya akafundishwa na mzee Okumu K'Orengo wakati nyatiti ilikuwa ni ya wanaume peke yao. Sisemi yote hayo ni kazi ya Ayub, wazee wa kijijini ndo walioitunza, lakini aliyeifanya dunia iskie jina la hicho chombo kwa mara ya kwanza kwa wengi wetu, hata sisi tuliozaliwa hapa hapa, ni yeye.

Nyimbo za katikati nazigawanya hivi. Dala na Chiro nazipenda kwa sababu zinaongelea pale pale mtu anapoishi, nyumbani na sokoni, hakuna makubwa. En Mana Kuoyo yenyewe, iliyoipa albamu jina, ni ya kuskiza usiku. Thum Nyatiti ndo nampa mtu anayetaka kukijua chombo. Kasoro yangu ni kwamba kuna mahali katikati mwendo unafanana sana, ukiwa unaendesha gari au unapika utajikuta nyimbo mbili zimepita hujajua moja imeisha lini. Ningependa pawe na wimbo mmoja wa kushtua, mmoja tu, ule mguu wa oduong'o ugonge mpaka ukuta utetemeke, ndo tujue huyu bwana alikuwa anaweza hilo pia.

Alafu inakuja Kothbiro. Ni mtu anaambia watoto mvua inakuja, rudisheni ng'ombe nyumbani. Ni hayo tu. Mtu yeyote aliyekulia bara anajua hiyo hali, upepo umebadilika, wingu limesimama upande wa ziwa, mama ameanza kuanua nguo na sauti inaita kutoka uani. Lakini Ayub ameiimba kwa namna ambayo huwezi kujua kama hiyo mvua ni baraka au ni msiba. Nyatiti inatembea polepole, sauti inapanda inakaa juu kule kwa muda mrefu kuliko ulivyotarajia, inashuka. Ndo maana watu wa filamu waliikimbilia. Mwongozaji Fernando Meirelles aliitumia kwenye The Constant Gardener ya 2005, filamu yenye hadithi ya Kenya na iliyopigwa picha hapa hapa, na huo muziki ukabeba huzuni ambayo waigizaji walikuwa wameshamaliza maneno ya kuisema. Mwaka 2018 tena Kanye West akachukua kipande cha Kothbiro, ile ya zamani ya Black Savage, akakiweka kwenye Yikes. Vijana wengi wa Kenya ndo wakaanza kuuliza hiyo sauti ni ya nani. Wimbo uliorekodiwa Nairobi miaka ya 70.

Ushauri wangu ni uiskize Kothbiro mwisho, mahali iliwekwa, baada ya zile tisa. Inakuwa wimbo tofauti kabisa. Ukiiskiza peke yake ni nzuri ya kusikitisha, ukiifikia ukitoka Obiero ukapitia sokoni na nyumbani, unajua ng'ombe wanarudi wapi.

Kuhusu kununua. Real World bado wanaiuza, unaweza kupakua faili kwenye mtandao, na iko pia kwenye programu za kuskizia muziki. CD ukiipata kwa mtu anayeuza za mitumba ichukue, usibishane sana bei. Kitu cha kukimbia ni zile flashi za kujaziwa nyimbo mitaani. Kuna moja niliuziwa, majina ya nyimbo yamechanganywa, Ondiek imeandikwa Obiero, na sauti imebanwa mpaka ule mngurumo wa nyuzi za chini umepotea kabisa umebaki kama mlio wa bati. Kwa muziki mwingine labda ungevumilia, kwa huu hapana, manake huo mngurumo ndo nusu ya albamu. Na pia ukinunua mahali halali angalau kuna kitu kinaenda kwa wenye haki zake.

Lalamiko langu la pili ni maelezo. Ukiskizia kwenye simu hupati maneno ya nyimbo, hupati tafsiri, hupati hata mstari mmoja wa kukuambia huu wimbo unahusu nini. Kwa albamu ya Kijaluo inayoskizwa dunia nzima hilo ni pengo kubwa, na ni kazi ambayo mtu yeyote anayejua lugha angeifanya kwa jioni chache. Mi naskiza huku nimemshikilia mama jirani, wengine hawana jirani.

Ukishaipenda hii, tafuta Kodhi, aliyoifanya na mpiga gitaa Mwingereza Trevor Warren, ilitoka 2015. Wakati huo alikuwa ameshatoka Uingereza miaka mingi, amerudi kuishi Nyahera, pembeni ya Kisumu. Sauti imezeeka, imekuwa nzito kidogo, ile wembamba wa 1993 haupo tena, na kuna gitaa na vyombo vingine vimemzunguka. Kuna watakaoipenda zaidi kwa sababu ina watu wengi ndani na haitulii vile. Mi bado nachagua En Mana Kuoyo, lakini Kodhi naiskiza nikitaka kumskia kama mzee aliyerudi nyumbani, hana tena haja ya kujitambulisha kwa mtu.

Alifariki tarehe 1 Februari 2019 hapo hapo Nyahera. Siku zile redio zilipiga Kothbiro, kutwa nzima Kothbiro, na nikawa nasubiri hata moja ipige Wa Winjigo Ero au Chiro, nikazungusha stesheni mpaka usiku, hakuna. Mtu aliyeigiza filamu, aliyepiga roki, aliyekaa chini ya ardhi London na nyatiti, amefanywa kuwa wimbo mmoja wa dakika chache.

Nyota nampa nne na nusu kati ya tano, hiyo nusu nimeikata kwa ule mwendo wa katikati na kwa kukosa maelezo. Inamfaa anayefanya kazi usiku, anayesafiri safari ndefu ya basi, anayejifunza gitaa na anataka kujua benga ilitoka wapi, na mzazi anayetaka watoto waskie chombo cha hapa kikiwa kimerekodiwa vizuri. Haimfai anayetafuta muziki wa harusi. Na kama pesa inatosha albamu moja tu mwezi huu, chukua hii kabla ya Kodhi, weka hedifoni, anza na Obiero, usiruke.